Mizani ya Kiwanja cha Ndege Jangwani

Mwaka huo, tisini na kitu, wakulima wa kahawa wa Peru walitualika watu watano kutoka Karagwe tukaone wanavyolima. Siku ya mapumziko wakatupeleka jangwani. Walituambia huko watu wa kale walichora wanyama ardhini, wakubwa hata ukisimama juu yao huoni kitu, mpaka upande ndege. Tangu nisikie habari hiyo usingizi uliniruka kwa hamu.

Kiwanjani tulikuta kindege kidogo na mizani ya kusimamia, maana kila abiria hupimwa. Tukapanda mmoja mmoja. Msimamizi akaandika, akajumlisha, akatikisa kichwa. Mkalimani wetu akatueleza: tumezidi kilo kumi, lazima mmoja abaki. Wenzangu wote wanne wakanitazama mimi. Kwetu unene wangu ni sifa, ila siku hiyo uliniponza.

"Mama abaki," akasema mmoja wao. "Atatutunzia mizigo."

Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa karani wa mizani wa chama chetu cha msingi cha ushirika kwa miaka kumi na moja, magunia ya kahawa ya vijiji vya Ihembe na Chonyonyo nimeyapima mimi. Nikamwambia mkalimani, "Mwambie huyu bwana tuitazame mizani ikiwa tupu."

Tukainama wote. Mshale haukulala kwenye sifuri, ulikuwa kwenye tatu. Kilo tatu kwa watu watano ni kilo kumi na tano za uongo. Msimamizi akaona haya, akairekebisha, akatupima upya. Tukapanda sote, na yule aliyetaka nibaki na mizigo akanipisha dirishani bila kuambiwa.

Ndege ikapaa. Jangwa lilikuwa tupu, hata mgomba mmoja hakuna. Kisha akatokea tumbili mwenye mkia uliojizungusha kama ngata ya kubebea mtungi kichwani, halafu ndege wa mdomo mrefu, mistari myeupe imenyooka kama imechorwa jana. Nilifurahi mno. Nilicheka mpaka machozi, na sikujali nani ananiona.

Pembeni yangu alikaa mmoja wa wenzangu wale, mzee wa Chonyonyo, ambaye kila msimu huniletea kahawa yake niipime. Akaniinamia sikioni, maana injini ilikuwa na kelele.

"Mama karani, kule kwetu huwa unaitazama mizani tupu kabla ya kunipimia?"

Nilitaka kusema ndiyo.

"Kahawa ikiwa nyingi, mzee wangu, siku nyingine sitazami."

Nikaona aibu imenipanda hadi masikioni.

"Basi msimu ukifunguliwa nitakuja asubuhi na mapema," akasema. "Tutainama wawili, kama leo."

Nikamwitikia. Rubani akaiinamisha ndege upande wetu, mzee akanisukuma kidogo kwa bega, tukabana vichwa kwenye dirisha moja kumtazama buibui aliyechorwa kule chini.