Nyasi Mkononi mwa Keriako

Keriako alimpiga mdogo wake mara nne tu, na Loishiye anazikumbuka zote. Ya mwisho ilikuwa kwa kosa la kusinzia malishoni. Zilimshukia fimbo sita za mgongo, kisha akakalishwa chini na kaka huyohuyo, akapewa kibuyu cha maziwa na kuambiwa kwamba ng'ombe hajui mpaka wa shamba, anayeujua ni mchungaji. Loishiye alikunywa huku analia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ndevu zimeanza kuota, na bado hakuona aibu kulia mbele ya mtu yule.

Kwao jina la marehemu halitajwi tena. Mimi si wa ukoo wao, nitalitaja mpaka nichoke, maana kumzika mtu kama Keriako pamoja na jina lake naona ni dhuluma.

Alikuwa na kovu lililoanzia sikioni hadi kidevuni, alilopewa na chui aliyevamia zizi alfajiri moja, na chui mwenyewe hakutoka zizini akiwa hai. Mnadani Korogwe, dalali mmoja alimzaba Loishiye kofi mbele ya watu. Keriako alimnyanyua dalali kwa mkanda wa suruali, akamtupa juu ya uzio wa miti, uzio ukavunjika na mbavu za dalali pia. Alilipa faini bila kunung'unika, akasema ilikuwa bei nzuri.

Mtu huyohuyo alikuwa akimbebea maji mkewe, Nemayian, kutoka lamboni, madumu mawili kila mkono. Wenzake walimcheka kwamba mke amemkalia kichwani. Alijibu kwamba kichwa ni chake na nafasi ipo. Binti yake Nasinkoi alipoandikishwa shule, alimpima mguu kwa bua la nyasi, akalikata, akasafiri nalo Korogwe mpaka dukani kwa Riyaz, akaliweka juu ya kaunta akitaka viatu vya urefu ule. Riyaz alimuuliza mteja mwenyewe yuko wapi. Viatu vilimwenea mtoto barabara, na tangu hapo Riyaz hakumuuliza tena kitu.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe, na laiti ningeweza kuiruka.

Ukame ulikuwa umekaza. Malisho ya upande wao yalibaki vumbi, wakasogeza mifugo karibu na mashamba ya Sindeni, palipokuwa na unyevu kidogo kando ya korongo. Keriako alikwenda kutazama lambo lina maji kiasi gani, akamwachia Loishiye ng'ombe arobaini. Loishiye aliketi chini ya mgunga, na wewe msomaji umeshajua kilichofuata. Alisinzia.

Alizinduliwa na mlio wa ng'ombe. Kundi lote lilikuwa ndani ya mahindi ya Simeo, mkulima wa Kizigua aliyekuwa akiyamwagilia kwa ndoo kutoka kwenye kisima chake. Nusu ya shamba ilikwisha kulala chini. Lukasi, mdogo wake Simeo, alikuwa anawafukuza ng'ombe kwa mawe, na jiwe moja lilimpata jichoni fahali mwekundu ambaye Loishiye alimpenda kuliko mavazi yake. Hakuuliza. Alivuka matuta mbio, akainua rungu na kulishusha juu ya mkono wa Lukasi. Mfupa ulilia. Lukasi alipiga magoti katikati ya mahindi yake, mkono umepinda pasipo na kiungo.

Simeo alitokea nyumbani na panga. Wakati huohuo Keriako alifika kutoka lamboni, akaona yote kwa mara moja: shamba, mkono uliovunjika, mdogo wake na rungu. Akajitia katikati. Alitupa fimbo chini. Alifungua sime kiunoni, akailaza ardhini. Halafu akainama, akang'oa konzi ya nyasi mbichi pembeni mwa tuta, akaziinua mbele ya uso wa Simeo.

Kwa Wamaasai, aliyeshika nyasi ameomba amani, na anayempiga amejilaani. Hata adui wa miaka husimama. Keriako aliyajua hayo kama alivyojua kupumua, wala hakuwahi kufikiri kwamba yupo binadamu asiyeyajua.

Loishiye alifikiri. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba pamoja na watoto wa Kizigua. Siku moja, walipokuwa wakimpiga nyuma ya choo cha shule, alishika nyasi, nao wakamuuliza kama anawalisha mbuzi, wakaendelea kumpiga. Kwa hiyo alijua. Neno moja tu la kueleza lingetosha, na muda ulikuwepo. Hakulisema.

Alichokiona Simeo ni mwenye ng'ombe amesimama juu ya shamba lililoliwa, anampepea majani usoni.

"Unanionyesha na masalio?" aliuliza.

Panga la kwanza liliingia kati ya bega na shingo. La pili lilipasua mkono uleule ulioshika nyasi. Keriako hakurudisha pigo. Alikaa chini polepole, damu ikamwagika juu ya mahindi, na ng'ombe walipoinusa wakaanza kuguruma na kuchimba ardhi kwa kwato, wakachomana pembe wao kwa wao. Simeo aliliangalia panga lake, akalitupa. Jioni ile polisi walimkuta palepale kwenye tuta.

Bodaboda iliwabeba mshikaki kuelekea Korogwe, Keriako katikati, amefungwa kwa shuka kifuani mwa mdogo wake. Kila waliporuka shimo damu ya moto ilipenya hadi tumboni mwa Loishiye. Walipokaribia mjini, Keriako alikilaza kichwa nyuma, begani mwake.

"Yule mtu hakuzijua nyasi," alisema. "Waambie vijana wamwache."

Hawakufika hospitali naye akiwa hai.

Bomani Loishiye alisimulia hivi: kwamba walikuwa wakipita tu, wakulima wakawarukia, wakamkata kaka yake akiwa ameshika nyasi. Ya usingizi hakuyasema, wala ya mkono wa Lukasi. Morani wakakusanyika kutoka maboma manne, wakiongozwa na Taiyo, aliyetahiriwa siku moja na Keriako. Simeo alikuwa mahabusu, lakini mkewe Paulina alikuwepo, Lukasi alikuwepo, na nyumba yao ilikuwa ya makuti. Siku tatu nzima sime zilinolewa juu ya mawe, mlio ule ukawa ndio usemi wa boma. Baba yao mdogo, mzee Lekishon, alijaribu kuwazuia, nao wakamwambia kwa heshima kwamba neno la kuwazuia analo ndugu aliyekuwepo. Wote wakamgeukia Loishiye. Akatazama chini.

Nemayian alimuuliza kila siku mumewe alisema nini njiani. Kila siku alijibu kwamba hakusema kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kimekwisha kuja kimoja, kinasubiri wenzake.

Siku ya nne walinyolewa, kama desturi. Nemayian, kichwa chake tayari kitupu, alishika wembe kumnyoa shemeji yake. Nasinkoi alikaa pembeni na viatu vyake vya shule. Wembe ulipofika utosini ulisimama.

"Shemeji, mume wangu hakuwa mtu wa kufa kimya," Nemayian alisema. "Alisema nini?"

Loishiye akasema. Alisema yote mbele ya morani: usingizi, rungu, mkono wa Lukasi, na maneno ya kwenye bodaboda. Taiyo alimwacha amalize, kisha akampiga rungu la mdomo. Meno mawili yakatoka. Wengine wakafuata kwa fimbo na mateke, wakampiga hadi mzee Lekishon alipojilaza juu yake. Hakujikinga hata mara moja. Kipigo cha tano, aliwaza, na hakuna maziwa baada yake.

Aliinuka, akatoka bomani akipepesuka, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado. Taiyo na vijana wakamfuata na sime zao. Hawakuwa wamesamehe, walitaka tu kuona anakwenda wapi.

Alikwenda shambani kwa Simeo. Paulina na Lukasi walikuwa wakiokoa mashina yaliyobaki. Lukasi, mkono wa kulia kwenye plasta, alishika panga kwa wa kushoto. Loishiye aling'oa nyasi pembeni mwa tuta lilelile, akaziinua, na safari hii akaeleza kwa Kiswahili, damu ikimtoka kinywani: kwao hizi ni kuomba amani, hizi ndizo kaka yake alizozishika.

Lukasi alimpiga kwa ubapa wa panga, mara mbili, begani. Nyasi hazikuanguka. Angempiga na la tatu kwa makali, ila Paulina alimshika mkono.

"Wewe ulikuwa nyuma yake," Paulina alisema. "Ulijua sisi hatuzijui?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Swali hilo hakuna aliyemuuliza bomani, wala Nemayian. Loishiye angependa kulijibu panga kuliko kumjibu yule mama.

"Nilitaka apigane," alisema.

Paulina aliketi chini kwenye tuta, akajifunika uso kwa khanga. Nyuma yake Loishiye alisikia sime zikirudi alani moja baada ya nyingine, kisha hatua za vijana zikielekea bomani, na hakuna aliyemwita afuatane nao.