Kiti cha Mama Kwenye Kilio

Mwanangu, kuna siku moja kule Likasi ambayo nikiikumbuka nainamisha uso, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Mama yangu alikuwa na nyonga ya bandia. Alipasuliwa zamani, hospitali zetu zilipokuwa bado hospitali: wakamwekea kirungu cha chuma juu ya paja, kikizunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Miaka ikapita, nyonga ikaanza kumuuma. Daktari akatazama picha, akamwambia kikombe kiliwekwa kimesimama mno, kwa hiyo kimelika upande mmoja, na akikaa chini kirungu kinaweza kuchomoka. Akae kwenye kiti kirefu siku zote. Kisha nchi ikaharibika, maduka yakaporwa, na daktari akaenda zake.

Basi baba mkwe wangu akafariki, kule Shituru, mtaa wa Likasi. Nilikuwa bibi arusi mpya, na bibi arusi mpya hudhani dunia nzima inamtazama yeye. Wanawake wote walikaa chini kwenye mikeka, kama kilio kinavyotaka. Mama yangu peke yake alikuwa kwenye kiti, juu ya vichwa vyao, kama mke wa mkurugenzi. Niliona haya, mwanangu. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, shuka chini. Banatuangalia."

"Munganga alinikatazaka," akasema, yaani yule daktari.

"Munganga alishaendaka. Ni minye nitabakia na bale bantu."

Akanitazama kidogo, akashuka. Magoti yalipopanda kifuani nikasikia mlio, ko, kisha yowe lake. Mguu uligeukia ndani, ukawa mfupi kuliko mwenzake.

Waombolezaji wakatugeukia. Mama mkwe, mjane mwenyewe, akainuka kwenye mkeka.

"Nani alimushusha ku kiti? Kile kiti ni minye nilimuletea!"

Hapo ndipo ningesema. Nilifumba mdomo. Mama, jasho likimtiririka, akajibu, "Ni minye mwenyewe nilitaka kushuka."

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Daktari wa mifupa hakuwapo; muuguzi akauvuta mguu, ukarudi. Lakini tangu siku ile nyonga ilichomoka hata akijigeuza kitandani, na mtu wa kubadilisha kile kikombe hakupatikana tena Likasi. Hakutembea tena bila magongo. Akafa bila kunitaja kwa mtu.

Mwanangu, wale niliowaonea haya ndio waliomletea mama yangu kiti. Mgonjwa wako akikatazwa jambo, simama upande wake, watu waseme watakavyo. Na ukikosa, sema siku ile ile, usimwache aliyeumia akubebee kosa lako. Mungu akupe mdomo nilioukosa mimi. Na siku magoti yako yatakapochoka, akujalie mtoto atakayekuvutia kiti.