Vidole vya Baba Noela

Mume wangu Gaspar ni Mmakua wa Masasi, na ukimuuliza kazi yake atakwambia fundi, basi. Watu wa huku Yombo Vituka walidhani ni fundi wa magari, wakawa wanamletea bajaji zao mbovu. Kumbe mwenzao alikuwa fundi wa ndege, zile ndogo zinazopeleka watalii mbugani. Tena alikuwa na pahala pake: waya unaotoka kwenye mkono anaoushika rubani hadi kwenye injini. Rubani akisukuma, injini inapata mafuta zaidi, akivuta, inapungua. Umeshaona waya wa breki ya baiskeli ndani ya ganda lake? Ndiyo huo huo, ila huu ukikatika hushuki ukakokota.

Adui wa waya huo ni kulika. Viwanja vya mbugani ni vumbi tupu, na vumbi likikutana na grisi linakuwa msasa. Kwa hiyo yeye alikuwa anafuta kwanza, ndipo anapaka, tena kidogo. Marubani nao aliwasumbua: ukishaipata nguvu unayoitaka, uache mkono utulie, usiuchezee kwa kila kitetemeko, maana kila ukiusogeza waya unalika. Wakamcheka, wakamwita Mzee Tulia. Nyumbani nako vivyo hivyo. Nikigusa swichi ya jiko la gesi mara mbili ananiangalia kama nimeiba.

Sifa yake ilikuwa vidole. Mwenzake Twalib anausogeza waya kule kwenye injini, yeye amekaa kiti cha rubani, amefumba macho, ameshika ule mkono. Waya ukianza kulika anahisi chenga, kama mchanga kwenye wali, kabla jicho la mtu halijaona kitu. Akisema utoeni, unatolewa. Akisema uko sawa, ndege inaruka.

Mwaka jana nikamkuta anaipua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu. Kasimama nayo, ananiuliza aiweke wapi. Nilipoipokea kwa kitambaa, ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeshababuka, na yeye ndiyo kwanza anaitazama. Hospitali wakasema kisukari, tena cha siku nyingi, kimeshaharibu mishipa ya fahamu. Ganzi ile tusitegemee iondoke.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, sasa ule mkono wa ndege anaushikaje. Akasema kazi ile anaijua. Nikamwambia kujua siyo kuhisi, akawaambie wakubwa zake. Tulipofika mlangoni akanishika bega.

"Mama Noela, wakijua ndiyo nimekwisha. Kwa umri huu nani ananichukua?"

Na kweli, nani?

Akaendelea kwenda, anarudi, ndege zinaruka. Mie kila nikisikia mlio juu ya bati najikuta nimesimama. Jumamosi moja nachambua mchele, uoga ukanichosha. Nikamkalisha mkekani, nikamfunga macho kwa kanga, nikamwekea kiganjani mchele pamoja na vijiwe nilivyokwisha kuvitoa.

"Toa mawe," nikamwambia.

Akapapasa, akapapasa. Akatoa punje za mchele, moja moja, akazipanga pembeni kwa uangalifu kabisa. Mawe yakabaki kiganjani. Nikamfungua kanga, aone mwenyewe.

"Kuna ndege jana nimeipitisha," akasema.

"Inaruka lini?"

"Kesho, na abiria."

Akavaa viatu. Kule karakana akamtafuta Twalib, akamkalisha yeye kwenye kiti cha rubani, mwenyewe akaenda upande wa injini kusogeza waya. Twalib akakaa muda, akasema, kaka, humu kuna chenga. Walipouchomoa, nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika ndani ya ganda. Ndege haikuruka. Gaspar akaenda mwenyewe kwa bosi wao, Albano, akamweleza habari ya vidole.

Bosi akamshukuru, akampa mkono. Akamhamishia stoo kugawa vifaa, na mkataba ulipoisha hakuna aliyeuongeza. Majirani wanasema Mungu atamlipa. Mie namngoja.

Juzi Twalib kaja kutusalimia. Kapewa rasmi kazi ya Gaspar, akaona aibu nyumba hii iisikie kwa watu wengine. Nikampa chai. Gaspar akampongeza, kisha akamuuliza vidole vyake vikianza kufa ganzi atamwambia nani.

Twalib akacheka kidogo, akaanza kusema bila shaka atawaambia pale pale.

"Usinijibu," Gaspar akamkatiza. "Na mie ningesema hivyo hivyo."

Twalib akamaliza chai yake, akaaga. Gaspar hakumsindikiza. Aliingia ndani akalala, jua bado linawaka.