Jina la Mukwe Wangu Katika Kitabu cha Saa

Wakati wa Wabelgiji, mi nilikuwa karani wa saa hapa Kolwezi. Nilikadiria kazi itakula watu wangapi na siku ngapi, halafu kila asubuhi nikaita majina na kuandika saa za kila mtu. Niliringa, sitaki kudanganya. Kalamu sikioni, viatu vinang'aa, hata salamu nilipokea kwa kidevu.

Mtaro wa maji wa kambi niliukadiria watu wanane, siku sita. Jumatatu nikakuta mtu wa nane ni baba wa mke wangu, ametolewa kikosi kingine. Kwetu watu wa Kasai, jina la mukwe hulitaji mbele ya watu. Nikaliruka. Nilimwona kwa macho, nikasema moyoni saa zake nitaziandika jioni, kwa utulivu. Ikawa hivyo kila siku, na kila jioni nilikimbilia bia. Asubuhi heshima, jioni uvivu, basi.

Jumamosi muzungu wetu, mkubwa wa kazi, akaja mtaroni, akakichukua kitabu kabla sijajaza. Akajumlisha saa, akanipiga begani. Watu saba wamemaliza kazi ya wanane! Hakuwahi kunisifu hivyo mbele ya watu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mtupu, akalisoma lile jina kwa sauti, akauliza huyu siku sita alikuwa wapi. Kukosa siku sita kulikuwa kufukuzwa kazi na kutolewa nyumba ya kambi.

Nilitakiwa kusema neno moja tu: kosa ni langu. Lakini sifa ilikuwa bado ya moto begani, na kalamu niliipenda. Nikanyamaza. Wale saba wakatazama koleo zao. Nani angebishana na karani wa saa? Mzee akanitazama, magoti yake yamejaa udongo wa mtaro, akaelewa.

"Kitabu inasema kweli, bwana," akasema. "Mi shikukuya ku kazi. Nililala nyumbani."

Wiki iliyofuata tuliwasindikiza yeye na mama mukwe kwenye treni ya kurudi Kasai. Aliniaga kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nami nikashindwa kuinua uso.

Treni ilipoondoka, mke wangu akaniuliza habari za baba yake, "Tata anasema alilala siku zote sita. Wewe ndiye ulikuwa unaandika. Ni kweli?"

Nikamwambia, "Ni kweli. Alilala."