Baiskeli Iliyopanda Bei Ikiwa Ukutani

Nimezunguka sana dunia hii, lakini sijaona kituko kama cha baiskeli ile.

Ilitundikwa ukutani dukani. Haiguswi, haiendi popote, tandiko limeshika vumbi. Na bado ilikuwa inapanda bei!

Mnacheka. Subirini.

Baiskeli yangu ya zamani ilikatika fremu nikiwa na kreti za mikate nyuma. Mikate ikalala barabarani, nami nikalala juu yake. Kusambaza mikate madukani ndiyo kazi iliyokuwa inanilisha.

Mwenye tanuri akaniambia, "Pole, mzee. Lakini mikate haina miguu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ikifika huna baiskeli, njia yako nampa mwingine."

Nikaenda dukani siku ileile, hela mfukoni. Muuzaji akataja bei. Nikatoa macho, nikarudi nyumbani kufikiri.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nyumbani yupo shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata toroli.

"Shem, usikurupuke! Bei za baiskeli zinapanda na kushuka. Mwenye akili anavizia. Halafu wewe una sura ya shida, lazima muuzaji akupige bei. Tuma mtu mwingine akaulizie."

Nikaona jamaa ana akili.

Nikamtuma mke wangu. Akarudi: imepanda.

"Si dada kavaa vizuri mno!" shemeji akasema. "Ngoja niende mimi."

Akarudi: imepanda.

Tukamtuma jirani yetu, fundi cherehani. Imepanda.

Tukamtuma mama mkwe na mkongojo wake, akamtie muuzaji huruma. Alirudi amefura.

"Mkwe wangu, yule mtu hakuzaliwa, aliokotwa!"

Muda wote huo natembeza mikate kwa miguu, kreti kichwani. Mikate ya asubuhi inafika watu wanaosha vyombo vya mchana. Mwenye duka mmoja akaniuliza kama natokea nchi jirani.

Ijumaa ikafika.

"Vumilia kidogo, Shem," shemeji akasema, miguu juu ya meza. "Inakaribia kushuka."

"Wewe endelea kuvizia."

Nikauza redio yangu kuongezea hela, nikaenda kulipa.

Muuzaji akaishusha baiskeli, akaipangusa taratibu.

"Una bahati, mzee. Hii ungeikosa."

"Kwa nini?"

"Imekaa hapo mwaka mzima, hakuna anayeitazama. Nilitaka kuipunguza bei niiondoe. Ghafla umekuja wewe, watu wakachachamaa! Akaja mama mmoja maridadi. Akaja jamaa anaongea bila kituo. Akaja fundi, futi shingoni. Mpaka bibi wa mkongojo, mzee! Nikajiambia, kama bibi anaitaka, hii si ya kuuza bei ya jana."

Nikawahesabu kwa vidole.

Soko lote lililopandisha bei ya baiskeli yangu lilikuwa ukoo wangu na jirani mmoja.

Kwa hiyo mnaoniuliza wakati mzuri wa kununua baiskeli, ni siku ile unayoihitaji na hela unayo. Ingia mwenyewe, bishana, toka umeipanda. Anayekwambia uvizie, mtazame kwanza yeye anasafiri kwa chombo gani.

Njia yangu ya mikate niliiwahi, natweta.

Jioni shemeji akanikuta mlangoni, akaizunguka baiskeli, akabonyeza kengele.

"Shem, umeichukua bei gani?"

"Nyamaza wewe! Ukiuliza tena, itapanda."