Gardavu Uani Kwetu

Baba yangu alizaliwa kambini, akanyonya kambini, na nadhani hata kulia alijifunzia kambini, kwa amri. Babu alikuwa askari wa Wabelgiji, akaenda kwa miguu mpaka Tabora katika vita vya kwanza. Vita vya pili vilipokuja, baba naye akapakiwa melini, akashushwa Nigeria, akavuka jangwa kwa lori mpaka Misri, na Palestina akaiona. Pale kijijini kwetu Karuba, ambako safari ya watu wengi iliishia soko la Sake, mtu wa namna hiyo alikuwa sinema. Wanaume walikuja na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wakakaa kumsikiliza mpaka mtungi unaisha.

Hadithi aliwapa wageni. Sisi alitupa amri. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maharagwe, alipiga filimbi na sisi tukajipanga uani: kaka yangu mbele, kisha mimi, kisha wadogo zangu wa kike, na mama mwisho kabisa, mara nyingine mwiko bado uko mkononi. "Gardavu!" Hicho kilikuwa Kifaransa cha kambi, garde-à-vous iliyotafunwa na askari mpaka ikawa neno lao. Maana yake ni visigino pamoja, mikono mapajani, macho mbele. Hatukuwa na viatu, kwa hiyo visigino vyetu havikulia, na jambo hilo lilimkera sana. Alitaka kusikia mlio.

Kaka ndiye aliyeumia. Akichelewa kidogo tu, alisimamishwa kwenye mvua na jiwe kichwani, au fimbo ya ngozi ya kiboko ikamshukia miguuni. Majirani waliokuwa wakilima mteremko wa pili walisimamisha majembe wakacheka. Niliwachukia majirani, na baba nilimchukia zaidi, wala sioni haya kulisema. Kaka alikuwa kijana mpole. Aliwahi kupata kazi ya kutengeneza jibini kwa mapadri, wao waliiita fromage, kule Masisi, na siku za kurudi nyumbani alinuka maziwa yaliyoganda, uso umemchanua kama bwana harusi. Baba alikwenda kumtoa.

"Kwetu wanaume wanabebaka bunduki," alimwambia mbele ya mapadri. "Weye unabeba maziwa?"

Miaka michache baada ya uhuru, baba alipata kazi ya ukapita, yaani unyapara, wa walinzi kwenye machimbo ya bati huko Walikale. Tulishuka naye sote kutoka vilimani mpaka msituni, mahali ambapo nguo haikauki. Kaka akatiwa kwenye ulinzi, akapewa mabuti. Filimbi nayo ilikuja nasi.

Kisha waasi wakaja. Habari zao zilitangulia: kila kijiji walichoingia walitafuta askari, wa sasa na wa zamani, na waliyempata walimuua. Sijawahi kumwona baba akiogopa kama juma lile. Alichoma kofia yake na mkanda, akanyoa masharubu, filimbi akaitupa mtoni. Mabuti ya kaka hakuyagusa; machimboni kila mtu alivaa mabuti. Alitukataza kutaja kambi, Misri, hata neno jangwa.

"Miye niko mulimaji wa mihogo," alisema. "Wakiwauliza, baba yenu iko mulimaji. Njo ile tu."

Halafu akaanza kujifundisha kulegea. Alizunguka ua mgongo umepinda, tumbo mbele, akiburura miguu, anaanza upya kila alipokosea. Mama alimtazama kutoka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kufanya mazoezi na sisi kutazama, na Mungu anisamehe, nilicheka. Alijifundisha vizuri. Ila alijifundisha peke yake.

Waasi walifika mchana wakatukusanya sokoni, wanaume mbele, wanawake na watoto nyuma. Mkubwa wao, kijana mwembamba wa macho mekundu, hakuuliza swali hata moja. Alipita polepole mbele ya wanaume, akawapa mgongo kana kwamba amewachoka, akawasha sigara. Ghafla akageuka na kupiga kelele.

"Gardavu!"

Baba hakutikisika. Alibaki vile vile, mabega yameanguka, mdomo wazi, mate karibu yamtoke. Alikuwa hodari, lazima niseme. Kando yake, visigino vya kaka viligongana. Mabuti yalilia, ule mlio ambao baba aliutaka miaka yote. Mikono mapajani, kidevu juu, macho mbele. Huko nyuma mimi pia nilikuwa nimenyooka kama ufito, na wadogo zangu vivyo hivyo, lakini nani angetafuta askari ndani ya vitenge?

"Weye uko askari," yule mkubwa alisema.

"Hapana, chef," kaka alijibu, kama wakubwa walivyoitwa kwetu. "Miye natengenezaka fromage."

Waasi walicheka mpaka mmoja akajishika mbavu.

"Na gardavu alikufundisha nani?"

Jina moja lingetosha, na baba angekufa pale pale. Kaka alitazama mbele, akafunga mdomo. Yule mkubwa akamgeukia baba.

"Papa, huyu mutoto unamujua?"

"Hapana, chef," baba alisema. "Simujue."

Nilihisi mkono wa mama ukiniziba mdomo, ukinibana mpaka meno yakanikata. Walimpeleka kaka nyuma ya ghala la bati na kumpiga risasi. Baba akaondoka sokoni akiburura miguu, mulimaji wa mihogo, bila kugeuka.

Waasi walipofukuzwa tulipanda kurudi Karuba, tukakaa matanga bila maiti. Wanaume walikuja na kasiksi. Masharubu ya baba yalikuwa yameshaota tena, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Aliwaeleza kwamba mwanawe alikufa amesimama gardavu mbele ya adui, kama askari wa ukoo wa askari, na kwamba hata Misri hakuona kijana aliyesimama vile. Wanaume walitikisa vichwa kwa kumheshimu.

Mama akainuka katikati ya wanawake.

"Yeye hakukuwa askari," alisema. "Askari ulikuwa weye. Walikuuliza kama unamujua mutoto yako, ukasema humujue."

 Kisha baba mdogo akasema uchungu umemharibu mama akili, wanawake wamwingize ndani. Walimshika mikono, wakamwingiza. Baba alisubiri mlango ufungwe, akanywa kidogo, akaendelea alipoishia.

Alikufa mzee, kitandani mwake, ameshiba. Na kaka yangu, mpaka leo pale Karuba wanamtaja kama askari aliyefia vitani, na wapo waliowapa watoto wao jina lake kwa sababu hiyo.