Nguo za Eda kwenye Kamba ya Shangazi

Juzi jirani yangu hapa Kismayo alitoka kuanua nguo, akanikuta nimesimama karibu na kamba yake. Akanisalimu vizuri, nami nikamjibu vizuri. Lakini nilipompa mgongo kidogo nilimwona akizigusa nguo moja moja kwa kidole, akizihesabu. Sikukasirika. Nimekulia mahali ambapo kila mwanamke alihesabu hivyo, na nitakueleza kwa nini. Nitakwenda taratibu, maana mambo haya ukiruka kipande kimoja utamlaumu asiyestahili, kama tulivyofanya sisi.

Kwetu ni Chula, kisiwani. Nguo tulifulia kisimani, kwa majivu, tukizipiga juu ya jiwe, na kila asubuhi mtaa mzima ulisikika pa, pa, pa kabla harufu ya mkate wa mofa haijatoka majikoni. Kamba za kuanikia zilikuwa za makumbi ya nazi, zimefungwa nje, kutoka ukuta wa nyumba hii hadi ukuta wa nyumba ile. Hatukuwa na vibanio. Uliifungua kamba kidogo kwa vidole, ukapachika pindo la nguo kati ya nyuzi zake, ukaiachia ikaume. Bibi yangu alinifundisha hivyo nikiwa bado naifikia kamba kwa kuchuchumia, naye akinisifu kila nguo iliyoshika.

Mwaka huo nguo zilianza kupotea. Leso ilikwenda, kaniki ikafuata, kisha kanzu ya mtoto ikiwa bado inadondoka maji. Usifikirie ni jambo dogo. Nguo ilitoka mbali, na watu wengi walikuwa na mbili tu, moja mwilini na moja kambani. Jirani yetu, mwanamke mwenye mdomo mwepesi, alikuja kisimani asubuhi moja akasema, "Kikoi kimoja cha mume wangu anacho mwizi, na hiki kingine ndicho nakifua. Mwenyewe yuko ndani kajifunika jamvi, akisikia hodi anajibu kwa kukohoa." Tulicheka sana. Lakini kicheko hicho kilikuwa na meno, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake mikononi.

Sasa nikueleze habari ya shangazi yangu. Alifiwa na mume, akakaa eda nyumbani kwetu, miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato, bila wanja, akivaa nguo nyeupe. Alikuwa nazo jozi mbili, akivaa hii, ile nyingine ikifuliwa. Bibi yangu hakupenda kuhesabu kwa mwezi, maana wingu likitanda watu hubishana. Alihesabu kwa kauri. Kila magharibi kauri moja ilitiwa ndani ya bakuli la udongo, mpaka zitimie mia na thalathini. Kazi ya kuitia alinipa mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na niliona kama nimekabidhiwa nyumba.

Na mtaani kulikuwa na mwosha. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekaa kibandani nyuma ya kisima. Mama yake aliletwa kisiwani akiwa mtumwa, akafa na kumwacha bila ndugu. Wanawake wote waliokufa mtaani kwetu aliwaosha yeye, na alikuwa na mkono mpole. Alizungumza na maiti kama anamwogesha mtoto. Haki yake ilikuwa moja. Eda ya mwanamke ikiisha, nguo zile nyeupe zilikuwa za mwosha. Hakupewa mkononi, kwa kuwa watu waliogopa kukabidhiana nguo za msiba. Zilianikwa kambani, naye alikuja alfajiri ya siku ya kutoka eda, akazichukua bila salamu, bila kugeuka nyuma. Mtu asiyeijua desturi angesema anaiba.

Alfajiri moja jozi ya shangazi iliyokuwa kambani haikuwepo. Jirani alikuwa amemwona mwosha akipita nayo, akapiga kelele mpaka wanaume wakatoka msikitini. Mwosha alikutwa kibandani kwake, nguo zimekunjwa vizuri juu ya kitanda. Hakuzificha.

"Eda imeisha jana, mwana," alimwambia bibi yangu, akimwita kwa heshima kama tuwaitavyo mabibi wakubwa. "Mimi nimekuja kwa haki yangu. Hiyo jozi nyingine ningeifuata mkiianika."

"Eda inaisha leo magharibi," bibi akasema. "Umechukua nguo ya mjane aliye edani. Unatutakia maiti mwingine?"

Kwetu hilo lilikuwa la kutisha kuliko wizi. Nguo ikiondoka kabla eda haijatimia, ilisemwa kwamba inavuta kifo kingine ndani ya nyumba ileile. Shangazi aliposikia alianza kulia huko chumbani. Na jirani, ambaye alikuwa akimtafuta mtu tangu kikoi kipotee, akasema kwa Kibajuni chetu, ambapo mtu huitwa mchu, "Mchu ndiye huyu. Leso zetu zote ndiye huyu."

Mwosha hakupandisha sauti. "Hesabuni, mwana. Nimeosha watu wenu miaka yote hii, siku zao nazijua."

Bibi akaniita nilete bakuli.

Hapa ndipo ninapotaka uwe na subira nami. Siku moja, katikati ya zile siku, kisiwa kizima kilikwenda pwani kushua jahazi jipya. Tulivuta kamba, tukaimba, tukala wali wa tui na papa, na nilirudi nimelala begani kwa baba kabla ya magharibi. Kauri ya siku hiyo sikuitia. Asubuhi nilikumbuka, lakini bibi alikuwa ameniambia kwamba kauri ya jana haitiwi leo, ina mkosi. Nikaogopa kuitia, nikaogopa kusema, kisha siku zikapita na nikasahau kuogopa.

Bibi akazimwaga kauri juu ya jamvi mbele ya watu, akazihesabu kwa sauti. Mia na ishirini na tisa.

Mwosha alinitazama. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Mwanangu, hukukosa hata siku moja?"

"Sikukosa," nikasema.

"Fikiri, mwanangu. Hakuna atakayekupiga."

"Sikukosa."

Mwalimu wa chuo, aliyetusomesha Kurani, alisema mambo haya yangoje, watu watulie. Hakuna aliyemsikiliza, naye hakusema mara ya pili.

Jirani ndiye aliyetoa shauri. "Anapenda kamba zetu. Basi leo awe kamba." Wakaleta pondo, mti ule mrefu wa kusukumia mtumbwi, wakaupitisha mabegani kwake, wakamfunga mikono juu yake imenyooka pande zote mbili. Wakamsimamisha pale kisimani. Kisha kila nyumba ikaleta nguo mbichi, wakazianika juu yake, mikononi, mabegani, kichwani. Alitakiwa asimame mpaka zikauke. Zikikaribia kukauka mtu alizimwagia maji, na watu wakacheka. Sisi watoto tulizunguka tukiimba, "Kamba, kamba, umekula kikoi gani?" Niliimba pamoja nao. Niliimba kwa nguvu kuliko wote.

Jua lilipopinda kuelekea alasiri alianguka kwa magoti, na pondo likagonga ukingo wa kisima. Bega moja lilitoka mahali pake. Nakumbuka mlio wa bega hilo, haukuwa mkubwa. Bibi yangu akasema afunguliwe, nguo zifuliwe upya maana zimeingia mchanga.

Siku ya tatu mwosha alipanda chombo kilichokuwa kinakwenda Kismayo, mkono umefungwa kwa kipande cha tanga. Hakuna aliyemsindikiza. Na leso ziliendelea kupotea kambani, kama kawaida, hasa siku ambazo vyombo vya wageni vilikuja kuchota maji. Hakuna aliyelitaja hilo kisimani. Watu walizihamishia kamba ndani ya nyua, basi.

Nilikaa na jambo langu mpaka nikaolewa. Bibi alipokuwa hoi kitandani, nikimlisha uji, nilimwambia yote, ile siku ya jahazi, kauri, na uongo wangu. Nilitazamia alie au anilaani. Akamalizia kumeza.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona umelala begani kwa baba yako. Nikasema kauri nitaitia mwenyewe, ikanipita. Nilikumbuka ulipokuja na bakuli."

"Na ulinyamaza, bibi?"

"Watu wote wamesimama pale. Ungetaka nyumba yetu iambiwe haijui kuhesabu eda?" Akafungua mdomo nimpe kijiko kingine, nami nikampa.

Alipokufa tulimwosha sisi wenyewe, mimi na shangazi, tukibishana upande gani uanze, maji yakimwingia masikioni. Hakukuwa na mtu wa kutufundisha.

Siku hizi Chula hakuna anayeanika nguo nje ya ukuta, na ile desturi ya mwosha kuchukua nguo kambani imekwisha. Wajane wa leo nguo zao huzizika. Vijana nikiwasimulia jinsi tulivyoziamini kamba zetu, jinsi mwanamke maskini alivyoweza kuja kwa haki yake bila kuomba, wanapenda, wananiambia bibi tueleze tena. Huwa ninaishia hapo.

Nilipohamia Kismayo nilimtafuta. Mtaa wa pwani walimkumbuka, mwanamke wa mkono mmoja aliyewafulia watu, akiwalipa watoto kashata wamwanikie. Walinionyesha kaburi lake. Nilisoma Fatiha, nikarudi nyumbani. Sikuuliza ni nani aliyemwosha.